Singeli, Rumba na Cheti Ambacho UNESCO Haitoi

Tangu Serikali ya Tanzania itangaze nia ya kuipeleka singeli, muziki wa kasi wa uswahilini Dar es Salaam, UNESCO ili iingizwe kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, wachangiaji wamejigawa kambi mbili, na ukizisikiliza kwa utulivu utagundua kwamba zinagombana huku zimekubaliana. Kambi ya kwanza inahimiza tuwahi kabla hatujawahiwa, kwani singeli ni yetu na atakayetangulia kuiandikisha ndiye atakayekuwa mwenyewe. Kambi ya pili inauliza, kwa dharau isiyojificha, tangu lini makelele ya kompyuta yaliyoanza juzi Manzese yakawa urithi wa taifa ilhali ngoma za wazee wetu zinazikwa pamoja na wapigaji wake. Walichokubaliana bila kujua ni kwamba UNESCO ni aina ya ofisi ya vizazi na vifo, inayotoa cheti kinachosema muziki fulani umezaliwa wapi na baba yake ni nani. Makala haya yanadai kwamba cheti hicho hakipo na hakijawahi kuwepo. Kwamba muziki huwa wa watu fulani kutokana na kile wanachoufanyia, hata kama mbegu yake ilitoka ng'ambo. Na kwamba tukiendelea kulinda mlango wa mbele dhidi ya mgeni, hatutaona kinachoweza kutokea ndani ya nyumba yenyewe.

Tuanze na karatasi zenyewe, maana ni wachache wanaozisoma kabla ya kuzibishania. Mkataba wa UNESCO wa kuhifadhi urithi usioshikika ulipitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2006. Ibara yake ya pili inauelezea urithi huo kuwa ni desturi, maonyesho, maarifa na stadi ambazo jamii, vikundi na wakati mwingine mtu mmoja mmoja wanazitambua kuwa sehemu ya urithi wao. Kitenzi kilichotumika ni kutambua. Kubuni hakikutajwa, wala kumiliki. Ibara ya tatu inaongeza kwamba hakuna neno ndani ya mkataba linaloweza kutafsiriwa kuwa linagusa haki na wajibu wa nchi chini ya mikataba ya hakimiliki. Mwaka 2015 zikaongezwa kanuni 12 za maadili, na mojawapo inaeleza kwamba uhalisi na upekee visigeuzwe kikwazo katika kuhifadhi urithi. Kwa lugha ya kijiweni, kanuni hiyo inasema: usije hapa kutuambia kwamba yako ndiyo ya kweli na ya mwenzako ni nakala. Ndiyo maana tango liliorodheshwa mwaka 2009 kwa jina la Argentina na Uruguay kwa pamoja, na ufundi wa kutengeneza na kupiga mbira ukaingia mwaka 2020 kwa jina la Malawi na Zimbabwe. Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni wa Arirang, wimbo wa Wakorea: Korea Kusini iliuorodhesha mwaka 2012, Korea Kaskazini ikauorodhesha mwaka 2014, na hakuna aliyeuliza ni upande upi wa mpaka ulio na haki ya kuulilia.

Kwa nini basi watu wengi, wakiwemo waandishi wa habari na hata baadhi ya viongozi, wanaamini kinyume chake? Nadhani sababu ni ya utaratibu zaidi kuliko ya itikadi. Ombi huwasilishwa na nchi, si na kikundi cha wapiga ngoma. Jina la nchi ndilo linaloonekana kwenye orodha, bendera yake ndiyo inayopepea siku kamati inapogonga nyundo mwezi wa Novemba au Desemba, na waziri ndiye anayepiga picha. Jambo lililoanzia kwa jamii linafika gazetini likiwa ushindi wa taifa, kama kombe. Baada ya hapo ni vigumu kumweleza mtu kwamba hakuna fainali iliyochezwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa rumba ya Kongo, iliyoorodheshwa tarehe 14 Desemba 2021 kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana kwa kuvuka mto. Wakongomani wengi hueleza kwamba neno rumba limetoka kwenye nkumba, yaani kitovu kwa Kikongo, jina la ngoma ambayo wachezaji walikutanisha vitovu, na kwamba ngoma hiyo ilivuka bahari pamoja na watumwa hadi Kuba kisha ikarejea nyumbani. Ni simulizi tamu, na ndani yake mna ukweli mzito, kwani watu wa Kongo walipelekwa Kuba kwa maelfu na alama zao zimo katika dini na ngoma za kisiwa hicho hadi leo. Lakini chombo kilichourudisha muziki huo kilikuwa cha biashara. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza ilianza kutoa sahani za mfululizo uliojulikana kama GV, zenye nyimbo za Kuba na visiwa jirani, zikauzwa katika bandari na miji ya Afrika. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizisikiliza mpaka wakazikariri. Wengine waliimba Kihispania wasichokielewa, sauti tu, kama mtoto anayeiga kusali. Taratibu gitaa likachukua kazi ya piano ya Kikuba, Kilingala kikachukua nafasi ya Kihispania, na mwaka 1948 Wendo Kolosoy akarekodi katika studio ya Ngoma, iliyokuwa mali ya mfanyabiashara Mgiriki, wimbo uliomfanya ajulikane kotekote. Mwaka 1953 Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz, mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz ya Franco, na mapema mwaka 1960 bendi ya Kabasele ikasafiri hadi Brussels, ambako wanasiasa wa Kongo walikuwa wakijadiliana na Wabelgiji tarehe ya uhuru. Huko ndiko ulikozaliwa wimbo wa kuushangilia uhuru huo, uliosikika karibu kila mahali barani penye redio, nao ulikuwa wa mtindo wa chachacha.

Hebu tuusimamishe wimbo huo hapo na kuutazama vizuri. Mapigo ni ya Kuba, ala ni gitaa la umeme, lugha ni Kilingala, mahali ni mji mkuu wa mkoloni. Anayetafuta asili ya Kiafrika kwa kupima damu ya kila sehemu atautupa wimbo huo nje, lakini hakuna wimbo uliowafanya watu wengi zaidi wajisikie Waafrika mwaka ule.

Upande wa Waswahili nao una sehemu yake katika mkasa huu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa mtaani Jadotville, mji unaoitwa Likasi hivi leo, huko Katanga. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, na sehemu kubwa ya nyimbo zake aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga. Morogoro nako Salum Abdallah aliongoza bendi iliyojiita Cuban Marimba, jina ambalo leo lingeweza kumletea kesi ya uzalendo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na akawa sauti ya wanyonge wa Sinza na kwingineko, huku ndugu wawili wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga wakiitikisa Nairobi kwa rumba ya Kiswahili iliyodhaniwa na wengi kuwa ya Kikenya. Muziki wa dansi tunaouita leo zilipendwa, ambao mzee wa Kitanzania akiusikia anafumba macho na kukumbuka nchi yake, ulijengwa na watu waliovuka mipaka kila upande.

Sasa turudi Desemba 1962. Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge mara baada ya kuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akasikitika kwamba wengi wamejifunza kucheza rumba, chachacha, twisti na waltz ilhali hawazijui ngoma za gombe sugu wala lelemama. Aliyoyasema yalikuwa na msingi, kwa sababu ukoloni ulikuwa umewafundisha watu kuona aibu kwa kilicho chao. Hata hivyo, tazameni orodha hiyo kwa macho ya leo. Rumba, iliyosimama upande wa vitu vya kigeni, leo ni urithi wa Afrika mbele ya ulimwengu. Lelemama, iliyosimama upande wa asili, katika Mombasa ya karne iliyopita ilikuwa ngoma ya vyama vya akina mama wa mjini vilivyoshindana kwa mavazi na mbwembwe, katika pwani ile ile ambako wanaume walishindana kwa beni, ngoma iliyoyachukua matarumbeta na gwaride la askari wa kizungu na kuyageuza mashindano ya mitaa. Mpaka kati ya chetu na chao ulikuwa tayari umevukwa mara nyingi na watu wenyewe, na serikali ilifika baadaye ikiwa na chokaa yake kuuchora upya. Mwaka 1969 chokaa hiyo ilichorwa tena pale muziki wa soul ulipopigwa marufuku jijini Dar es Salaam. Vijana walioupenda walizeeka, na sina habari kwamba yeyote kati yao aligeuka Mmarekani.

Singeli yenyewe imepita njia ile ile. Wapenzi wake wanajua kwamba mama yake mmoja ni mchiriku wa Uswahilini, uliozitoa ngoma za Wazaramo kwenye duara la uwanjani na kuzifunga pamoja na kinanda kidogo cha Casio na spika za honi. Mama yake mwingine ni taarabu. DJ anachukua kile kipande ambacho mwimbaji wa taarabu amenyamaza na kinanda na gitaa vimeachiwa uwanja, anakikata, anakirudiarudia, kisha anakiongezea kasi hadi mapigo 200 kwa dakika, na wengine wanakaribia 300. Je, taarabu hiyo imetoka wapi? Masimulizi ya Unguja yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi ya Waarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa ikaanzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad, mtoto wa watu wanyonge wa Fumba, akaimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kuirekodi katika santuri. Baadaye zikaingia tuni za filamu za Kihindi, kisha kinanda cha umeme, kisha mipasho. Kutoka hapo mpaka kwenye kompyuta ya DJ wa Mburahati, na kutoka Mburahati mpaka kwenye lebo ya Kampala iliyoitoa singeli kwa wasikilizaji wa Ulaya mwaka 2017, ni mnyororo mmoja. Anayetaka kusema asili iko kwenye pete fulani ya mnyororo huo atuambie ni pete ipi, na kwa nini hiyo na si iliyoitangulia.

Kilichodumu ni kitu kingine, na nilikiona usiku mmoja kwenye kigodoro huko Mbagala, shughuli ya kumtoa mwali. Kompyuta ya DJ ilikuwa imefungwa kwa plasta kwenye bawaba, na mbili kati ya herufi zake zilikuwa zimeng'oka. Alibonyeza vishina vyake kwa ncha ya kalamu. Kasi ilikuwa ya kumtia mgeni kizunguzungu. Katikati ya kasi hiyo MC alikuwa akitaja majina ya mashoga wa mama mwenye shughuli, mmoja baada ya mwingine, kwa sifa na vijembe, na kila aliyetajwa alisimama, akajitikisa hadi mbele, akatunza noti za elfu mbili na kurudi kitini akiwa amejibu. Anayeijua taarabu amekwisha kutambua ninachokieleza: utaratibu wa kutunza, wa kumjibu mtu mbele za watu bila kumtaja kwa ubaya, wa mwanamke kuonekana mbele ya mtaa wake kwamba naye ana watu. Sauti ilikuwa imebadilika kiasi kwamba bibi yangu asingeitambua. Lakini angejua mara moja ni wakati gani wa kusimama.

Wanaanthropolojia wa muziki wamelifikiria jambo hili kwa miongo mingi. Alan Merriam, Mmarekani aliyekaa katika kijiji kimoja cha Wasongye huko Kongo mwaka 1959 na 1960, alipendekeza kwamba muziki usitazamwe kama sauti peke yake. Kuna sauti, kuna mienendo ya watu wanaoipiga na kuisikiliza, na kuna mawazo waliyonayo juu yake, na mambo hayo matatu hulishana. Aliyoyakuta kijijini yanatuhusu. Wanakijiji waliwasema wanamuziki kuwa wavivu, walevi na wadeni wasiolipa, watu ambao hakuna mzazi angetaka mwanawe afanane nao. Alipowauliza ingekuwaje iwapo wanamuziki wote wangeondoka, wakashtuka: kijiji bila wao si kijiji, hakuna mazishi wala furaha iliyo kamili. Dharau na uhitaji vilikaa nyumba moja bila kugombana. Msomaji aliyekulia Temeke au Tandale hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hao hao wanaoiita singeli muziki wa wahuni ndio wanaotafuta MC miezi miwili kabla ya harusi ya binti yao.

Kwa msingi huo, hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala wetu ni ile inayopendwa kuliko zote, ya kwamba tusipoandikisha tutaibiwa. Tumekwisha kuona kwamba mkataba haugusi hakimiliki. Kama mtayarishaji wa Berlin akichukua mapigo ya singeli kesho na kujipatia fedha, kuwemo kwenye orodha hakutampa DJ wa Mburahati hata senti moja, kwa kuwa mtindo wa muziki haumilikiwi na mtu popote duniani. Kinachomilikiwa ni utunzi na rekodi. Wizi wa kweli hutokea kwenye mikataba na kwenye usajili wa kazi. Solomon Linda alirekodi wimbo wake maarufu Johannesburg mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962 wakati wimbo huo ukiwatajirisha wengine ng'ambo, na warithi wake walifikia maelewano ya kulipwa mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani wakiwa na sheria ya hakimiliki mkononi. Hakuna orodha ya urithi iliyowasaidia. Anayewapenda vijana wa singeli na kuogopa waibiwe awasaidie kusajili nyimbo zao COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuisoma mikataba kabla ya kutia saini, na kuitumia sheria ya hakimiliki tuliyonayo tangu mwaka 1999. Ni kazi ya kuchosha isiyo na bendera wala picha, na labda ndiyo sababu haizungumzwi sana.

Hoja ya kambi ya pili, kwamba kitu kipya hakiwezi kuwa urithi, ina kasoro ile ile tuliyoiona kwenye hotuba ya 1962, nami sitairudia. Ila ndani yake mna lalamiko la haki ambalo halifai kupuuzwa kwa sababu tu limetolewa kwa kejeli. Ngoma nyingi zinakufa kweli, na singeli haitazifufua. Mkataba wenyewe unalijua hilo, ndiyo maana una orodha ya pili, ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Uganda iliingiza humo bigwala, muziki wa matarumbeta ya vibuyu wa Wasoga, mwaka 2012. Kenya ikaingiza isukuti ya Waluhya mwaka 2014. Kwa maoni yangu, nchi iliyo makini ingepeleka maombi ya aina zote mbili, na ya kuokoa yangetangulia. Suala la matusi katika baadhi ya mashairi ya singeli nalo ni la kweli, ingawa anayelitumia kama sababu ya kuukana mtindo mzima atalazimika pia kuikana ngoma ya unyago, ambayo haikuwahi kuimbwa kwa lugha ya ofisini.

Pingamizi linalonisumbua mimi ni jingine kabisa, na limetolewa na wachache. Linasema kwamba ukishaukabidhi muziki kwa dola, dola huanza kuutawala. Ushahidi wake uko kwa majirani zetu. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliorodheshwa mwaka 2014. Oktoba 2017, amri ya rais ilipiga marufuku wanawake kuzipiga ngoma hizo, ikavitaka vikundi vijisajili wizarani, na ikaamua kwamba yeyote anayetaka kuzipiga nje ya sherehe za serikali aombe kibali na kulipa ada kwenye hazina. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kulinda asili. Wakati huo huo, ng'ambo ya mpaka, wanawake wa Rwanda walikuwa wakizipiga ngoma za ukoo ule ule katika kikundi cha Ingoma Nshya, kilichoanzishwa mwaka 2004, baada ya mauaji ya kimbari, kikiwa na wanawake wa pande zote mbili za maafa yale. Ngoma moja, pande mbili za mpaka: kwa hawa imekuwa njia ya kupona, kwa wale imekuwa kibali chenye muhuri. Zaire ya Mobutu ilikuwa imeonyesha jambo la kufanana na hilo mapema zaidi, kwa siasa yake ya kurejea asili ya miaka ya 1970, iliyowataka wanamuziki wawe wa kweli kwa taifa na papo hapo wamwimbie Kiongozi. Septemba 1974 Kinshasa ilifanya tamasha kubwa na kumkaribisha Celia Cruz, mwimbaji wa Kikuba, ambaye alipokewa na umati kama mtu wa nyumbani. Umati ulikuwa na nadharia yake ya asili, nayo ilikuwa pana kuliko ya ikulu.

Je, pingamizi hilo latosha kutufanya tukatae kuiandikisha singeli? Nimelipima mara nyingi na nimefikia kusema hapana, ingawa kwa uzito mdogo kuliko ningependa. Sababu ya kwanza ni kwamba amri ya Burundi haikutoka UNESCO, na dola inayotaka kutawala ngoma haihitaji ruhusa ya shirika la kimataifa. Vigodoro vyetu vimepigwa marufuku mara kwa mara na viongozi wa mitaa na wilaya bila singeli kuwa kwenye orodha yoyote. Sababu ya pili ni heshima. Kijana anayeambiwa na kila mwenye cheo kwamba anachokifanya ni uhuni hupata kitu fulani siku nchi yake inapokitaja mbele ya mataifa bila kuona haya, na watu waliodharauliwa wanajua thamani ya kitu hicho kuliko wachambuzi. Siti binti Saad alidhihakiwa kwa nasaba yake na sura yake kabla santuri hazijalazimisha mji umsikilize. Sababu ya tatu ni kwamba kanuni za utekelezaji wa mkataba zina kifungu kinachoweza kuwapa wenyewe nguvu, iwapo kitachukuliwa kama sharti na si kama pambo: ombi haliwezi kukubaliwa bila ushiriki mpana kadiri iwezekanavyo wa jamii husika, na ridhaa yao iliyo huru, iliyotolewa mapema baada ya kuelezwa kila kitu.

Hapo ndipo mjadala unapopaswa kuhamia, na hapo ndipo penye kimya. Nani atatia saini kwa niaba ya singeli? Ni rahisi kutabiri kwamba watatafutwa wasanii watatu au wanne mashuhuri wenye mameneja, watavalishwa fulana zenye nembo, na picha itapigwa. Lakini kama nilivyojaribu kuonyesha, singeli haikai kwa wasanii mashuhuri peke yao. Inakaa kwa DJ mwenye kompyuta ya plasta, kwa vijana wanaokodisha spika na jenereta, kwa wacheza ngoma wasiojulikana nje ya mtaa, na zaidi ya wote kwa akina mama wanaochangishana kwenye vikoba kugharimia usiku mmoja wa kumtoa mwali. Ombi litakaloandikwa bila wao litaeleza sauti na kuacha mienendo na mawazo, yaani litachukua theluthi moja ya muziki na kuiita muziki. Vivyo hivyo, ombi litakaloitaja singeli kuwa ya Dar es Salaam pekee, likafuta taarabu ya Unguja, kinanda cha Casio na lebo ya Kampala ili hadithi iwe safi, litakuwa limeandika uongo unaokwenda kinyume cha kanuni za wenye orodha. Napendelea ombi litakaloungama deni hilo waziwazi, hata ikiwa gazeti la kesho yake litapata kichwa cha habari kisichochangamka.

Kuna jambo dogo la utawala ambalo huenda likawa na maana kuliko sherehe yenyewe. Nchi iliyoridhia mkataba hutakiwa, kila baada ya miaka sita, kuwasilisha taarifa ya hali ya urithi iliouorodhesha na ya jinsi jamii yenye urithi huo inavyoshiriki kuutunza. Singeli ikipita, kuna ofisa atakayekaa mezani siku moja na kujaza fomu hiyo. Itambidi aeleze humo iwapo yule mama wa Mbagala, aliyechanga mwaka mzima, alipewa kibali cha kupiga muziki hadi alfajiri, au spika zake zilipakiwa kwenye gari la mgambo saa sita usiku mwali akiwa bado hajatoka ndani.